Jina Moja, Babu Mmoja? Asili ya Jina la Ukoo Attenborough

Mwaka 1966, katika jimbo la Nottinghamshire lililo katikati ya Uingereza, mashimo ya zamani yaliyochimbwa kokoto kando ya mto Trent yalifunguliwa rasmi kuwa hifadhi ya ndege na mimea. Kijiji kilicho jirani na mashimo hayo huitwa Attenborough. Aliyealikwa kuifungua hifadhi hiyo alikuwa David Attenborough, mtangazaji mashuhuri wa vipindi vya televisheni vinavyohusu wanyama. Yeye hakuzaliwa kijijini hapo. Alizaliwa London mwaka 1926, akakulia mjini Leicester, ambako baba yake alikuwa mkuu wa chuo kikuu. Je, kulingana kwa jina la mtu na jina la kijiji kulitokea kwa bahati tu, au kulikuwa na uhusiano ulioanza karne nyingi kabla ya hapo?

Swali hili laonekana dogo, lakini kulijibu kunahitaji msaada wa taaluma tatu ambazo kwa kawaida hufundishwa katika vyumba tofauti vya madarasa: elimu ya lugha, hisabati na elimu ya viumbe. Kila moja hutoa sehemu ya jibu, na kila moja ina mahali inapokwama.

Waingereza walivyopata majina ya ukoo

Kabla ya mwaka 1066 Mwingereza alikuwa na jina moja tu. Mwaka huo Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka nchi, na miongoni mwa mambo waliyokuja nayo ni desturi ya mabwana wakubwa kuitwa kwa jina la mahali walipotawala, na kulirithisha jina hilo kwa watoto wao wa kiume. Desturi hiyo ilishuka polepole kutoka kwa matajiri hadi kwa wakulima. Serikali nayo ilichangia, kwa kuwa mtoza kodi hawezi kufanya kazi yake katika kijiji chenye akina John kumi na watano. Kufikia mwaka 1400 hivi familia nyingi za Uingereza zilikuwa na jina la ukoo lililopokewa kutoka kwa baba.

Majina hayo huwekwa katika mafungu manne. Fungu la kwanza ni ya kazi: Smith ni mhunzi. La pili ni ya baba: Johnson ni mwana wa John. La tatu ni ya sifa au utani: Short ni mfupi. La nne, ambalo ni kubwa sana, ni ya mahali: Hill ni mtu wa kilimani.

Hapa ndipo tofauti kati ya jina la kawaida na jina adimu inapoanza. Kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake. Basi jina Smith lilizaliwa mara mamia, katika pembe zote za nchi, kwa watu wasiohusiana hata kidogo, na leo Waingereza zaidi ya nusu milioni wanaitwa hivyo. Lakini jina lililotokana na kijiji kimoja kidogo huenda lilizaliwa mara moja tu, siku mtu mmoja alipohama kwao na majirani zake wapya wakamwita kwa jina la alikotoka. Mtu haitwi kwa jina la kijiji chake akiwa bado anaishi humo, kwa maana halimtofautishi na mwenzake.

Maana mbili za jina moja

Jina Attenborough limefafanuliwa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza huligawa jina katika vipande viwili. Katika Kiingereza cha Zama za Kati neno atten lilikuwa na maana ya "kwenye" au "penye". Neno burgh, ambalo sasa huandikwa borough, lilikuwa na maana ya ngome au jumba lililozungushiwa ukuta. Basi Attenborough ni "mtu wa penye ngome". Majina ya namna hii yako mengi. Noakes lilitokana na maneno atten oakes, yaani "penye mialoni". Watu waliyatamka haraka, herufi n ikahama kutoka neno la kwanza na kujishikiza kwenye neno la pili.

Njia ya pili husema kwamba jina la mtu limetoka moja kwa moja kwenye jina la kijiji cha Attenborough. Wataalamu wa majina ya mahali wanasema jina la kijiji halina uhusiano wowote na neno atten. Limetokana na jina la mtu wa kale, Adda au Æddi, likiunganishwa na lile lile neno la ngome: kijiji ni "ngome ya Adda". Kwa miaka mingi masikio yamezoea kusikia sauti moja, ilhali asili zenyewe ni mbili.

Njia ipi ni ya kweli? Msomaji wa Kiswahili ana faida hapa, kwa kuwa amezoea lugha yenye ngeli na upatanisho. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na jambo linalofanana na hilo. Majina yake yaligawanywa katika jinsi tatu, na maneno yaliyoyatangulia yalibadilika kuyafuata. Mbele ya jinsi mbili ilitumika atten, na mbele ya ile ya tatu, jinsi ya kike, ilitumika atter. Neno la ngome lilikuwa la jinsi ya kike. Kwa hiyo, kwa kufuata sarufi, mtu wa penye ngome alipaswa kuitwa kwa jina linaloanza na Atter-. Na jina hilo lipo: ni Atterbury, ambalo maana yake ni hiyo hiyo. Kumbe Attenborough, likiwa limeundwa kwa njia ya kwanza, lingekuwa na kosa la upatanisho, mithili ya mtu kusema "kiti mzuri".

Hoja hiyo inaelekea upande wa kijiji, lakini haimalizi shauri. Wakati majina ya ukoo yalipokuwa yakiundwa, upatanisho wa jinsi ulikuwa umekwisha kulegea, na watu walichanganya atten na atter bila wasiwasi. Jiografia huongeza uzito kidogo, kwa kuwa katika sensa ya mwaka 1881 jina hili lilikutwa zaidi katika Nottinghamshire na maeneo jirani, si mbali na kijiji. Hata hivyo elimu ya lugha haiwezi kujibu swali lililobaki: je, wote wanaoitwa hivyo ni wa babu mmoja?

Kwa nini majina hufa

Mwaka 1873 Francis Galton, mwanasayansi ambaye mawazo yake kuhusu kuchagua kizazi cha binadamu yamekwisha kukataliwa, aliuliza swali zuri katika gazeti la walimu liitwalo Educational Times. Aliona kwamba koo nyingi mashuhuri zilikuwa zimetoweka. Akataka kujua: ikiwa kila mwanamume ana uwezekano fulani wa kupata watoto wa kiume 0, 1, 2 au zaidi, ni majina mangapi yatakayotoweka baada ya vizazi vingi? Jibu lilitolewa na kasisi aliyekuwa mwanahisabati, Henry William Watson, na mwaka 1874 wote wawili walilichapisha.

Njia ya Watson inaweza kufuatwa na mwanafunzi yeyote anayejua milinganyo ya kipeo cha pili. Tuseme mwanamume ana uwezekano wa 1/4 wa kutopata mtoto wa kiume, 1/4 wa kupata mmoja, na 1/2 wa kupata wawili. Kwa wastani ni watoto wa kiume 1.25. Uwezekano wa jina lake kutoweka hatimaye tuuite q. Jina hutoweka iwapo hana mtoto wa kiume. Au ana mmoja, na ukoo wa huyo ukatoweka. Au ana wawili, na koo za wote wawili zikatoweka. Kwa hiyo:

q = 1/4 + (1/4)q + (1/2)q²

Tukizidisha kwa 4 na kupanga upya tunapata 2q² − 3q + 1 = 0, ambao una majibu mawili: q = 1 na q = 1/2. Watson aliliona jibu la kwanza, akatangaza kwamba kila jina lazima litoweke. Alikosea. Jibu la kweli hapa ni 1/2, kwa sababu uwezekano wa kutoweka huanza na 1/4 katika kizazi cha kwanza, hupanda hadi 0.34 katika cha pili na 0.40 katika cha tatu, ukielekea 1/2 bila kuipita kamwe. Mfaransa Irénée-Jules Bienaymé alikuwa ameeleza kanuni sahihi tangu mwaka 1845, lakini maandishi yake yalisahauliwa. Uthibitisho kamili ulitolewa na Mdenmaki J. F. Steffensen mwaka 1930.

Sasa tuchukue hali ya watu wasioongezeka, ambapo uwezekano wa watoto wa kiume 0, 1 na 2 ni 1/4, 1/2 na 1/4. Wastani ni 1 kamili. Hapo mlinganyo una jibu moja tu, q = 1: kila jina hatimaye hutoweka. Kati ya majina 100 yanayoanza na mtu mmoja mmoja, takriban 60 yatakuwa yamekwisha baada ya vizazi 5, na 74 baada ya vizazi 10. Hakuna vita wala tauni iliyotajwa katika hesabu hii. Ni bahati peke yake. Tukikumbuka kwamba tauni ya mwaka 1348 na 1349 iliua kati ya theluthi na nusu ya Waingereza, wakati ule ule ambapo majina yalikuwa yakianza kushika mizizi, tutaelewa kwamba jina adimu lililofika leo ni kama mti mmoja uliobaki baada ya moto wa nyika.

Hesabu hii ina funzo jingine. Hata kama jina lilianzishwa na wanaume watatu au wanne wasiohusiana, inawezekana kabisa kwamba mistari yote ikakatika isipokuwa mmoja. Kwa hiyo kukuta leo kwamba watu wa jina fulani ni wa babu mmoja hakuthibitishi kwamba mwanzilishi alikuwa mmoja. Kunathibitisha tu kwamba mmoja ndiye aliyebakiza kizazi.

Ushahidi ulio ndani ya chembe hai

Katika kiini cha chembe hai ya mwanadamu mna kromosomu 46. Mwanamume ana kromosomu moja iitwayo Y, ambayo huipata kwa baba yake peke yake. Baba naye aliipata kwa babu, na babu kwa babu yake. Kromosomu nyingine huchanganywa upya katika kila kizazi, lakini sehemu kubwa ya Y hupita nzima. Njia yake ni ile ile inayofuatwa na jina la ukoo la Kiingereza. Basi yafaa kuuliza kama hivi viwili vimesafiri pamoja.

Y haibaki vile vile milele. Ina sehemu fupi za DNA zinazojirudia mara kadhaa, na mara chache, wakati wa kunakiliwa, idadi ya marudio huongezeka au hupungua kwa moja. Kwa kuhesabu marudio katika sehemu kadhaa, wanasayansi hupata mfululizo wa tarakimu unaoutambulisha ukoo. Wanaume wawili ambao tarakimu zao zinalingana au kukaribiana sana wana babu mmoja asiye wa mbali.

Mwaka 2000 Bryan Sykes wa Oxford alichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanaume 48 wenye jina kama lake. Sykes ni jina la Yorkshire lenye maana ya kijito au mtaro wa mpakani, na mitaro ya namna hiyo ilikuwa mingi, hivyo ilidhaniwa kwamba waanzilishi nao walikuwa wengi. Kinyume na matazamio, karibu nusu ya wanaume hao walikuwa na Y ya aina moja.

Uchunguzi mkubwa zaidi ulichapishwa mwaka 2009 na Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester, katika mji ambao Alec Jeffreys alivumbua alama za utambulisho za DNA mwaka 1984. Walipima wanaume 1,678 wenye majina 40 tofauti. Matokeo yalifuata mantiki iliyoelezwa hapo juu. Wanaume wawili waitwao Smith hawakuwa na uhusiano zaidi ya Waingereza wawili waliookotwa njiani. Kadiri jina lilivyozidi kuwa adimu, ndivyo uhusiano ulivyozidi kuonekana. Miongoni mwa akina Attenborough, karibu tisa katika kila kumi walikuwa na Y ya aina moja, hata pale tahajia ya jina ilipotofautiana.

Hivyo basi, jina ambalo kwa maana ya kamusi lingeweza kuzuka penye kila ngome ya Uingereza limekutwa likitiririka karibu lote kutoka kwa mwanamume mmoja. Hilo linakubaliana vizuri na dhana ya kwamba mtu mmoja alihama kutoka kijiji cha Attenborough akabeba jina la kwao. Kwa sababu iliyokwisha kutajwa halifungi mlango kabisa, lakini lugha, jiografia na elimu ya viumbe sasa vinaelekeza kidole upande mmoja.

Mnyororo unapokatika

Vipi kuhusu yule mmoja katika kila kumi? Jina na kromosomu huachana kwa njia nyingi: mtoto wa kulea, mtoto aliyepewa jina la upande wa mama, mume aliyechukua jina la mkewe ili arithi shamba, na mtoto ambaye baba yake si yule anayedhaniwa. Tuseme mnyororo hukatika mara 1 katika kila vizazi 100. Kwa muda wa miaka 700, yaani vizazi 23 hivi, mistari 79 katika kila 100 ingali mizima. Mkatiko mdogo unaorudiwa mara nyingi huwa mkubwa.

Wafalme nao hawakusalimika. Mifupa ya Mfalme Richard III, aliyeuawa vitani mwaka 1485, ilifukuliwa mjini Leicester mwaka 2012. DNA inayopitia kwa mama ilimthibitisha kuwa ndiye. Lakini Y yake haikulingana na ile ya wanaume watano walio hai ambao, kwa maandishi ya nasaba, walitoka katika mstari wake wa kiume. Zaidi ya hayo, mmoja wa hao watano alitofautiana na wenzake wanne. Mahali fulani, zaidi ya mara moja, maandishi yalisema hivi na damu ikasema vile.

Kisa cha kustaajabisha zaidi ni cha jina jingine adimu, la mashariki ya Yorkshire, ambalo watafiti wenyewe walilificha katika taarifa yao ya mwaka 2007 ili kulinda faragha ya wenye nalo. Kati ya wanaume 18 wa jina hilo waliopimwa, 7 walikuwa na Y ya tawi la kale sana ambalo kabla ya hapo lilikuwa limeonekana kwa watu wachache tu, wote wa Afrika Magharibi. Nasaba zao zilifuatwa hadi karne ya 18, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na fununu ya kuwa na babu Mwafrika. Babu huyo aliweza kufika katika zama za Warumi, ambao waliweka askari kutoka Afrika ya Kaskazini kwenye ukuta wa Hadrian, au katika karne zilizofuata 1500, wakati wa biashara ya watumwa. Watu waliojihesabu kuwa Waingereza wa asili, wenye jina la Kiingereza lililo adimu, walikuwa wamebeba mwilini historia isiyoandikwa katika daftari la kanisa lolote. Anayetaka kutumia jina au rangi kupima nani ni mwenyeji na nani ni mgeni na akitafakari kisa hiki.

Majina ya kwetu

Mtu asidhani kwamba njia hii inaweza kutumika kila mahali bila kubadilishwa. Kwa desturi ya pwani, Juma mwana wa Ali mwana wa Hamisi huitwa Juma Ali Hamisi, na mwanawe huitwa kwa jina lake yeye, Juma. Jina husogea kila kizazi, kwa hiyo halifungamani na Y ya ukoo. Wachaga, kwa upande wao, wana majina ya koo kama Massawe, Mushi na Kimaro, yanayopita kwa baba. Hapo swali la Leicester lingeweza kuulizwa. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mtafiti angelazimika kuiacha Y na kuchunguza DNA ya mitokondria, ambayo kila mtu huipata kwa mama yake. Kabla ya kupima damu, sharti kwanza kuelewa desturi.

Vile vile kuna tahadhari. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba, kwa kutumia Y pamoja na orodha za nasaba zilizo wazi kwa umma, waliweza kuwatambua karibu watu 50 waliotoa DNA yao kwa utafiti wakiwa wameahidiwa kutotajwa. Jina likiweza kuongoza kwenye kromosomu, kromosomu nayo huweza kuongoza kwenye jina. Polisi hufurahia jambo hilo. Mgonjwa aliyetoa damu yake kwa imani ana haki ya kuuliza maswali.

Jaribio la darasani

Walimu wanaweza kuonyesha hoja ya Galton kwa sarafu mbili. Kila mwanafunzi achague jina moja la ukoo la kubuni, na aanze na mwanamume mmoja. Arushe sarafu zote mbili pamoja: idadi ya vichwa vinavyotokea, yaani 0, 1 au 2, ndiyo idadi ya watoto wa kiume. Uwezekano wake ni 1/4, 1/2 na 1/4, kama katika mfano wa pili. Kisha arushe tena kwa ajili ya kila mtoto, na kuendelea hivyo kwa vizazi vitano, akiandika idadi ya watu wa jina lake katika kila kizazi. Jina likifika 0, mwenye nalo aweke sarafu chini.

Katika darasa la wanafunzi 40, tutarajie kwamba wapatao 24 watakuwa wameweka sarafu chini kizazi cha tano kitakapokwisha. Wachache watakaobaki wana majina yenye watu wengi kidogo, na wote wa jina moja ni wa babu mmoja, ingawa hakuna jina lililokuwa bora kuliko jingine lilipoanza. Ndivyo jina la mtu aliyetoka katika kijiji kimoja cha kando ya mto Trent lilivyoweza kuvuka karne saba.